Kanisa Kuu la Murang'a na Mashahidi Wake

Msomaji, ukifika Thika ukausimamia mto Chania pale unapoporomoka juu ya majabali, jua ya kuwa umesimama mpakani. Tangu zamani za serikali ya kikoloni mto huu uliitenga wilaya ya Kiambu na wilaya ya Murang'a, na hata leo, katika siku za kaunti, bado wafanya kazi ile ile. Ukivuka daraja ukaifuata barabara ya kaskazini, katika mashamba ya mananasi na vilima vyekundu, kwa mwendo wa saa moja hivi kwa motokaa utafika katika mji mdogo uliokaa juu ya mgongo wa kilima. Huo ndio mji wa Murang'a. Mgeni apitaye kwa haraka huona maduka, soko, na kituo cha matatu, akaenda zake. Lakini mji huu una kanisa kuu, na habari za kanisa hilo zastahili kusomwa polepole.

Kwanza hebu tuelewane juu ya neno lenyewe. Kanisa kuu halipimwi kwa ukubwa wa kuta zake. Ni kanisa lenye kiti cha Askofu, na eneo lote lililo chini ya Askofu huyo ndilo liitwalo dayosisi. Katika Uingereza ilikuwa desturi mji wenye kanisa la namna hiyo kupewa heshima kuliko miji mingine, hata ukiwa mdogo sana. Mfano ujulikanao kuliko yote ni Canterbury. Mtawa Augustino alifika huko kutoka Roma mwaka 597. Hata hivyo, sifa za Canterbury zilienea hasa kwa sababu ya kifo. Tarehe 29 Desemba 1170, wapiganaji wanne wa Mfalme Henry II waliingia kanisani na kumwua Askofu Mkuu Thomas Becket papo hapo ndani ya nyumba yake ya sala. Tangu hapo watu walilizuru kaburi lake kwa zaidi ya miaka mia tatu, matajiri kwa maskini, mpaka Mfalme Henry VIII alipoamuru livunjwe mwaka 1538. Mfalme mwenye majeshi na mahazina alimwogopa mtu aliyekufa karne tatu na nusu kabla yake! Nimekutajia Canterbury kwa sababu mbili. Murang'a nao ni mji ambao kanisa lake kuu lilijengwa kwa ajili ya watu waliouawa. Na mtu aliyekuja kuliwekea jiwe la msingi alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwenyewe.

Mji huu haukuitwa Murang'a sikuzote. Mahali penyewe palijulikana kwa jina la Mbiri. Waingereza walipojenga boma lao huko mnamo mwaka 1900, msimamizi wake alikuwa Francis Hall, mtu aliyekuwa amekwisha pigana na Wakikuyu mara nyingi kusini. Hall alikufa kwa kuhara damu mwaka 1901, na wenzake wakaliita boma Fort Hall ili kumkumbuka. Jina hilo lilidumu mpaka baada ya uhuru. Yafikiri hayo kidogo: nchi ambayo Wakikuyu husimulia ya kuwa Gikuyu na Mumbi walikaa humo, huko Mukurwe wa Nyagathanga, iliitwa kwa miaka zaidi ya sitini kwa jina la mgeni aliyekaa humo muda mfupi tu.

Wamisionari wa Kianglikana walifuata nyuma ya boma. Kituo chao cha Weithaga kilifunguliwa mwaka 1903, na Kahuhia miaka michache baadaye. Shule za vituo hivyo ziliwafundisha kusoma watu wengi wa wilaya ile. Askofu lakini alikuwa mbali. Dayosisi ya kwanza ya sehemu zetu, iliyoanzishwa mwaka 1884, ilikuwa pana kupita kiasi, na Askofu wake wa kwanza, James Hannington, aliuawa Busoga mwaka 1885. Ilipogawanywa, Kenya ikawa chini ya Askofu wa Mombasa. Kwa hiyo Mkristo wa Weithaga aliyetaka kumwona Askofu wake alitazama upande wa bahari.

Sasa tumefika penye uzito wa habari hii. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari, na vita vya Mau Mau vikawaka katika nchi ya Wakikuyu. Wewe umevisoma vitani, kama ipasavyo, kwa upande wa ardhi na uhuru: watu walikuwa wamenyang'anywa mashamba, wakafungwa kwa kipande, wakachoka. Waliopigana walifungwa kwa kiapo. Lakini walikuwapo Wakristo, hasa wale wa Uamsho ulioingia Kenya kutoka Rwanda mwaka 1937, waliokataa kula kiapo hicho. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine juu yake. Wengi wao walikataa kadhalika bunduki ya serikali, wasitake kuwaua ndugu zao wa msituni. Basi wakawa hawana wa kuwalinda, huku wala huku. Baadhi yao waliuawa, wengine majumbani mwao, usiku.

Wala usidhani ya kuwa upande mmoja tu ndio uliolia. Serikali iliwanyonga watu zaidi ya 1,000 kwa makosa ya Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, ikawatia katika vijiji vipatavyo 800 vilivyozungushiwa handaki na seng'enge, na Murang'a ilionja uchungu huo sawasawa na jirani zake. Wengine walifungwa kambini miaka mingi bila kuhukumiwa. Katika ukoo mmoja ungeweza kumkuta mtu msituni, mwingine kambini, wa tatu amebeba silaha ya serikali, na wa nne amekataa yote akaenda kusali.

Mambo yalikuwa katika hali hiyo, Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipokuja Afrika ya Mashariki mwaka 1955. Mwezi wa Mei, katika kanisa la Namirembe huko Kampala, aliwaweka wakfu Festo Olang' na Obadiah Kariuki, Waafrika wa kwanza wa Kenya kuwa maaskofu katika kanisa la Kianglikana. Kisha akafika Fort Hall akaweka jiwe la msingi la kanisa la ukumbusho, kwa ajili ya wale waliouawa kwa kukataa kiapo.

Mtazame sana huyu Askofu Kariuki. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Uamsho. Waliouawa walikuwa ndugu zake wa imani. Lakini mkewe alikuwa binti wa Chifu Mkuu Koinange, na binti mwingine wa Koinange alikuwa ameolewa na Jomo Kenyatta. Jiwe lile lilipowekwa, Kenyatta alikuwa mfungwa Lokitaung, amehukumiwa kuwa kiongozi wa Mau Mau, na mzee Koinange alikuwa kizuizini. Maana yake ni kwamba mtu aliyejenga ukumbusho wa waliouawa na Mau Mau alikuwa na shemeji na mkwe katika vifungo vya serikali iliyopigana na Mau Mau hao. Mimi naona ya kuwa hakuna jambo moja liwezalo kukufahamisha vita vile kuliko hili, na vitabu vingi vya shule hulipita bila kulitaja.

Kuta za kanisa zilipokuwa tayari, Kariuki alimtafuta mchoraji. Hakumchagua Mzungu, wala Mkikuyu. Alimwita Elimo Njau, kijana aliyezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1932, aliyesomea sanaa Makerere kwa Bibi Margaret Trowell. Mwishoni mwa miaka ya hamsini Njau alichora picha tano kubwa ukutani: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, karamu ya mwisho, bustani ya Gethsemane, na kusulibiwa. Katika picha hizo Yesu ni Mwafrika, na watu wake ni Waafrika, na vilima nyuma yao ni vilima vya Murang'a. Siku hizi huenda usishangae. Siku zile picha za Yesu zilizotundikwa makanisani zilikuwa za mtu mweupe mwenye nywele za dhahabu. Tena angalia busara yake. Njau hakuchora mauaji ya Hali ya Hatari. Alichora mateso ya mtu mmoja juu ya udongo ule ule uliomwagikiwa damu, na mjane awaye yote, mumewe awe aliuawa na kiapo au na kitanzi, angeweza kukaa mbele yake akalia.

Mengine yalikwenda upesi. Mwaka 1961 dayosisi ya Mombasa ikagawanywa, na Fort Hall ikapata dayosisi yake, Askofu wake akiwa Kariuki. Mwaka ule ule Kenyatta alifunguliwa. Baada ya uhuru jina la Hall likaondoka, mji ukaitwa Murang'a, na dayosisi ikachukua jina la Mlima Kenya. Mwaka 1975 ikakatwa mara mbili, Kusini na Mashariki. Na mwaka 1984 Murang'a ikawa makao ya dayosisi ya Mlima Kenya ya Kati. Mwaka 1998 hata Thika yetu hapa ilipata dayosisi yake, na mkazi wa Chania hana haja tena ya kuvuka mto kumtafuta Askofu.

Wale wafu wengine walingoja. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri ya kuwa Wakenya waliteswa katika Hali ya Hatari, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mwezi wa Septemba 2015, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, ulifunguliwa ukumbusho wa walioteswa katika miaka ile, na gharama yake ililipwa na serikali hiyo hiyo. Jiwe la Fort Hall liliwekwa mwaka 1955, na ukumbusho wa Nairobi mwaka 2015. Barabara itokayo penye ukumbusho mmoja kwenda penye mwingine yapita hapa Thika, juu ya Chania.