Vito vya Watawala na Ushahidi wa Picha: Hoja kutoka Upare

Tumezoea kuianza historia ya watawala wa Afrika Mashariki kwenye picha. Aliyepigwa picha akiwa na vito huhesabiwa mtawala kamili. Asiye na picha huachiwa masimulizi. Kwa kipimo hicho Zanzibar hujaza kurasa, na Milima ya Upare, kuanzia Ugweno hadi Mbaga na Gonja wilayani Same, huambulia aya moja. Kipimo hicho kina kasoro, na kasoro yake huonekana wazi katika picha ile ile inayosifiwa mno.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka 1867 na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Picha yake mashuhuri, akiwa katika mavazi ya Kizanzibari na vito vyake, ilipigwa Hamburg baada ya hayo yote. Asiyejua tarehe humwona binti mfalme katika jumba la baba yake. Kumbe ni mke wa mfanyabiashara ugenini, aliyekwisha kutengwa na nduguze, anayeidai nasaba yake kwa mapambo. Picha hiyo ni ushahidi mzito wa alivyotaka kuonekana, si wa cheo alichokuwa nacho siku hiyo. Hata madini hayasomeki: pasipo rangi, dhahabu na shaba iliyong'arishwa hufanana.

Huko Upare, mamlaka yalishikamana na tanuri za kuyeyushia chuma. Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, anaeleza kutokana na masimulizi ya wazee kwamba Ugweno ilitawaliwa kwanza na Washana, ukoo wa wahunzi, kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Wachaga wa Kilimanjaro walikitegemea chuma cha Upare kwa majembe na silaha. Misafara ya karne ya 19 ilipoleta shanga na waya wa shaba kutoka pwani, mapambo hayo yaliyakuta mamlaka yamekwisha kuota mizizi.

Atakayepinga atasema masimulizi hutukuza koo za wasimulizi, ilhali kamera haina ukoo. Hoja hiyo haipuuziki. Lakini Kimambo alilinganisha masimulizi ya koo mbalimbali, na mavi ya chuma yaliyosalia Upare Kaskazini hayana ukoo wa kuupendelea. Kamera nayo ina upande: mpigaji huchagua mkao, anayepigwa huchagua vazi. Ni kweli kwamba picha huhifadhi umbo la kito, na anayechunguza kazi ya masonara ataihitaji. Ninachokataa ni kuifanya faida hiyo kuwa mizani ya utawala.

Basi waandishi wa vitabu vya shule na waandaaji wa maonyesho waandike mwaka na mahali chini ya kila picha ya mtawala, na historia ya Upare waianzie kwenye tanuri za Ugweno. Wazee wa Same na Mwanga wanaoyajua masimulizi ya wahunzi wahojiwe sasa, wangali hai.