Kinjikitile wa kweli na wa kwenye tamthiliya (sehemu ya 6)

Mama zangu, wenye watoto sekondari mnakijua kitabu cha Ebrahim Hussein, Kinjeketile, cha mwaka 1969. Binti mmoja hapa Bunju kaniambia, "Si alikuwa mchawi tu yule?" Hapana jamani. Mchawi anaroga. Huyu alikuwa mganga, tena mtu wa kweli: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji.

Mwaka 1904 watu walisimulia kwamba pepo Hongo alimzamisha mtoni, akatoka kesho yake nguo kavu. Wakamiminika kwake kufuata dawa: maji, mtama na mafuta ya nyonyo. Walishachoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Julai 1905 wakaanza kuing'oa kule Nandete, na tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Mohoro. Vita haijafika hata mwezi.

Wa kwenye tamthiliya anaingiwa na mashaka juu ya maji yake. Hayo ni ya Hussein, na mwenyewe alieleza kuwa mhusika wake si yule wa historia. Mwambie mwanao kabla ya mtihani.

Mimi nesi kinachoniuma ni njaa. Dawa haikuzuia risasi, kweli, lakini waliokufa wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao si kwa risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Mama akishinda njaa miezi, maziwa yanapungua, na kichanga kilichodhoofu kinaondoka na kuhara tu.