Barua, Pasi na Viza: Msafiri wa Elimu kutoka Ufukwe wa Ziwa

Igogo ni kata ya Jiji la Mwanza iliyobanwa baina ya majabali na maji ya Ziwa Viktoria. Juu kwenye mawe zimepandana nyumba za watu wa kipato kidogo. Chini, karibu na maji, ndiko ziliko shughuli za viwanda na bandari. Katika nyumba moja ya juu huko nilionyeshwa bahasha ya kaki, ambayo mwenye nyumba aliihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki ili isipatwe na unyevu. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, pasi mpya, barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, na cheti cha kupimwa kifua kikuu, kipimo ambacho kijana alikifuata Dar es Salaam. Kilichokosekana kilikuwa karatasi moja tu: taarifa ya benki.

Mama wa kijana huyo ni mchuuzi wa dagaa. Ajuaye biashara hiyo anafahamu kwamba mwendo wake ni mwendo wa mwezi. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa, dagaa wakavutwa na mwanga na kuvuliwa kwa wingi; mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa hushindwa, na mitumbwi mingi hukaa pwani. Fedha ya mchuuzi, basi, hutoka giza linapoanza na kurudi dagaa wanapouzwa Mwaloni, Kirumba, kisha hutoka tena. Kanuni za viza ya mwanafunzi za Uingereza, kwa mwombaji wa hali ya kijana huyu, hutaka fedha ya ada inayodaiwa, pamoja na ya kujikimu kwa miezi isiyozidi 9, iwe imekaa benki siku 28 mfululizo pasi na kupungua chini ya kiwango kilichowekwa. Siku 28 ni takriban mwezi mzima mwandamo. Mama huyu alikuwa anaambiwa, bila ya aliyetunga kanuni kukusudia hivyo, kwamba ili mwanawe asome hapana budi biashara inayomlisha isimame kwa muda wa mwezi mmoja.

Bahasha ile ilinifanya nijiulize: tangu lini msafiri wa elimu ametakiwa kuthibitisha utulivu wa fedha zake? Na kabla ya hapo alitakiwa kuthibitisha nini?

Kwetu pwani husemwa kwamba elimu itafutwe hata Uchina, na wazee wetu waliichukua kauli hiyo kwa uzito wake. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na baadaye kuwa kadhi wa Unguja, aliifuata elimu Hadhramaut na akafika hadi Istanbul. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisoma Hadhramaut na Makka, akaweka makazi Unguja na kufungua darsa lake Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Katika safari kama zao, msafiri alibeba barua ya mwalimu wake, na aliporudi alirudi na ijaza. Barua ile ilimweleza mtu kwa nasaba ya elimu yake: amesoma nini, kwa nani, na nani anamjua. Hakuna aliyedai kwamba njia ilikuwa nyepesi, kwani bahari ilikuwa na hatari zake na asiyekuwa na jamaa wa kumpokea alitaabika. Lakini mdhamini alikuwa mtu, na alichokidhamini kilikuwa tabia na akili ya mwanafunzi.

Bara, ufukweni mwa Ziwa, safari ya elimu ilichelewa kuanza na ilichukua njia nyingine. Reli kutoka Tabora iliifikia Mwanza mwaka 1928, na meli za ziwani ziliiunganisha bandari hiyo na Bukoba, Kisumu na Port Bell. Kwa kijana wa Kanda ya Ziwa, elimu ya juu ilikuwa ng'ambo ya maji, Makerere, kwa kuwa Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chake hadi mwaka 1961. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Paul Bomani, aliyekulia huku huku Kanda ya Ziwa na kuongoza ushirika wa wakulima wa pamba mjini Mwanza, alikwenda mwanzoni mwa miaka ya 1950 kusomea mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough.

Tusidhani kwamba watu hawa walipita mlango usio na bawabu. Mkaazi wa Tanganyika, kama mkaazi wa Zanzibar, alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya himaya ya Mwingereza, na kwa hiyo hakuombewa viza ya kuingia London. Bawabu wake alikaa nyumbani. Pasi ilitolewa na serikali ya kikoloni, na katika fikra za watawala wale pasi ilikuwa hisani waliyoweza kuitoa au kuizuia. Haikuwa haki ya anayeiomba. Nyerere na Bomani walipita kwa sababu nyuma ya kila mmoja palikuwa na taasisi: mmoja skuli na ufadhili wa masomo, mwingine ushirika wa wakulima. Asiyekuwa na taasisi nyuma yake alibaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 idadi ya waliokuwa tayari kusoma iliuzidi mno upana wa mlango huo. Ndipo zikafunguliwa njia mbili ambazo yafaa zikumbukwe pamoja. Ya kwanza ni ile ya ndege zilizoandaliwa na Tom Mboya wa Kenya na marafiki zake wa Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi mwezi wa Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, na hadi mwaka 1963 mpango huo ulikuwa umewavusha karibu wanafunzi 800, wakiwamo wa nchi nyingine za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Nauli ililipwa na wafadhili, lakini fedha nyingine ilichangwa vijijini: watu waliuza mifugo, wakafanya karamu za mchango, wakamtoa mtoto mmoja kwa niaba ya wote.

Njia ya pili haikuwa na picha za magazetini. Vijana walivuka Uganda, wakaingia Sudan, wakaufuata mto Nile hadi Cairo, wengi wao bila ya pasi yoyote, na kutoka Cairo wakaelekea Moscow, Prague, Berlin ya Mashariki na kwingineko. Oginga Odinga alikuwa miongoni mwa waliowafungulia njia hiyo, na yeye mwenyewe alinyang'anywa pasi na serikali ya kikoloni mwaka 1960. Zanzibar nayo ilikuwa na vijana wake Cairo katika miaka hiyo hiyo.

Kwa wale wa njia ya Marekani palizuka swali jipya. Sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo ya mwaka 1952 ilimchukulia mwombaji wa viza ya muda kuwa ni mtu anayetaka kuhamia moja kwa moja, mpaka athibitishe kinyume chake. Yaani mwanafunzi alianza akiwa mtuhumiwa, na ushahidi aliotakiwa kuutoa ulihusu jambo ambalo bado halijatokea: kwamba atarudi. Mwalimu aliyeandika barua ya ijaza hakuulizwa hilo. Mkuu wa wilaya wa kikoloni hakulijali sana, kwa kuwa hofu yake ilikuwa kwamba msomi *atarudi* na kudai nchi.

Uhuru ulipokuja, pasi ikawa yetu, lakini bawabu hakuondoka. Alibadilisha mahali pa kukaa. Kwa miaka mingi mdhamini mkuu wa mwanafunzi alikuwa dola yenyewe. Serikali ndiyo iliyopokea nafasi za masomo kutoka nchi rafiki na kuzigawa, na hata aliyelipiwa na jamaa zake alikabiliwa na udhibiti wa fedha za kigeni. Zanzibar, katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, ruhusa ya kusafiri ilikuwa adimu, na wapo walioondoka usiku kwa vyombo vya bahari. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 iliufungua mlango wa ndani: mtu aliweza kununua dola bila ya kujieleza. Ajabu ya mambo ni kwamba mlango wa nje ulianza kufungwa wakati huo huo. Katikati ya miaka ya 1990 Uingereza iliwawekea Watanzania sharti la kupata viza kabla ya safari. Mabomu yaliripuka kwenye balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani kwenyewe, mahojiano ya ana kwa ana yalilazimishwa kwa karibu kila mwombaji kuanzia mwaka 2003. Mwaka 2009 Uingereza ikaanzisha kwa wanafunzi utaratibu wa kuhesabu alama, ambamo barua ya chuo na taarifa ya benki ndizo zilizopewa uzito.

Hapa ndipo ninapoona mageuzi makubwa, nayo hayahusu idadi ya karatasi. Katika nyakati zote nilizozitaja, mwanafunzi aliulizwa swali lile lile: nani anakudhamini? Zamani jibu lilikuwa mwalimu, kisha taasisi, kisha kijiji, kisha dola. Leo, kwa asiye na ufadhili, jibu linalokubalika ni fedha iliyotulia. Mali yenyewe haitoshi. Sharti iwe mali ya namna moja. Mtumbwi, nyavu, kiwanja cha mlimani na ng'ombe walioachwa Magu au Sengerema havisomeki kwenye fomu. Mama wa Igogo si masikini kwa kipimo cha mtaa wake. Ametosha kusomesha watoto kwa fedha isiyolala, na kwa sababu hiyo hiyo haonekani.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba mabawabu wana hoja. Zimeghushiwa taarifa za benki, na wapo wanafunzi walioingia madarasani siku moja tu kisha wakatoweka viwandani. Sikatai. Nauliza tu kama fedha ya siku 28 inaweza kujibu swali la kurudi. Wa kughushi huikopa kwa mwezi mmoja na kuirudisha. Mwaminifu hushindwa kwa kuwa hana wa kumkopesha. Bomani alirudi kutoka Loughborough kwa sababu maelfu ya wakulima wa pamba walimngoja. Akawa waziri wa fedha wa nchi huru, na katika miaka ya 1970 akawa balozi wetu Washington. Kilichomrudisha hakikuwamo katika hesabu ya benki yoyote.

Na sisi tunalo la kujilaumu. Vyama vya ushirika vilivyokuwa na nguvu ya kumsimamia mtu mbele ya dola vilivunjwa mwaka 1976, na vilivyofufuliwa baadaye havikuirudia heshima ile. Michango yetu ya arusi hukusanywa kwa kamati, daftari na mweka hazina. Ya masomo humwachia mama mmoja na bahasha yake. Kama mtaa ungekuwa na mfuko wake wa akiba, ulioandikishwa na kukaguliwa, fedha ingeweza kulala kwa niaba ya kijana bila ya kulaza biashara ya mzazi.

Nilipoagana na wenyeji wangu jua lilikuwa linazama nyuma ya mawe, na usiku huo ulikuwa wa giza. Mama alikuwa ameamua kuiweka fedha benki, na taa za wavuvi zilipoanza kuwaka ziwani, yeye hakuwa na safari ya Mwaloni alfajiri. Alikuwa amehesabu siku 11. Zilikuwa zimebaki 17.