Bao, Simu na Dola 25

Newala, msimu wa korosho. Babu yangu, fundi wa bao, ananifunza namua, hatua ya mwanzo: kete 10 ubaoni, 22 mkononi. Pembeni mdogo wangu kainamia simu, anacheza gemu la kigeni.

Duka la programu za Android lilifunguliwa 2008. Ada ya mtengenezaji ni dola 25, mara moja tu. Huko Kampala, vijana wa Kola Studios wakaingiza humo Matatu, mchezo wa karata wa mitaani kwao. Hawakuubuni, waliukuta barazani.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mlango si mgumu. Kazi ni kukaa na babu mpaka sheria zote ziandikike. Dola 25 nitazipata Masasi nikiuza korosho. Babu ana miaka 84. Jioni hii nimewasha kinasa sauti.