Kisiwa Kilichonyanyuliwa kwa Jeki

Kwenye pwani ya Texas, Marekani, palikuwa na mji ulioitwa Indianola. Ulikuwa bandari iliyoshindana na Galveston, na wahamiaji Wajerumani walishuka gatini hapo kwa maelfu kabla ya kutawanyika bara. Septemba 1875 kimbunga kiliupiga na kuua zaidi ya watu 150. Waliosalia wakajenga upya, pale pale. Agosti 1886 kikaja kingine, na katikati ya tufani moto ukazuka ukateketeza kilichosazwa na maji. Safari hii watu walisalimu amri. Makao ya wilaya yakahamishiwa Port Lavaca, na leo Indianola si mji tena.

Galveston, mji ulio kisiwani mbali kidogo upande wa mashariki wa pwani hiyo hiyo, walielewa maana ya habari hiyo. Wiki chache tu baada ya msiba wa pili, vigogo wa biashara wa mji huo walikutana wakaazimia kujenga ukuta wa kuzuia bahari, na serikali ya jimbo ikakubali mji ukope fedha kwa kazi hiyo. Ikapita miaka kadhaa ya utulivu. Bahari ikawa shwari, pamba ikapanda bei na kushuka, meli zikajaa bandarini, na ukuta ukabaki kwenye makaratasi.

Haishangazi. Kufikia mwaka 1900 Galveston ilikuwa na wakazi 37,789, na mtaa wake wa Strand, uliojaa mabenki na ofisi za wenye meli, ulikuwa fahari ya kusini-magharibi yote. Nani angesimama hadharani kuwaambia wenye fedha kwamba mtaji wao umelala juu ya kipande cha mchanga? Kwani ndivyo kilivyo kisiwa hicho: ukanda mwembamba wa mchanga, urefu wake kilomita 43 hivi, ambao mahali pake pa juu kabisa mjini hapakuzidi mita 2.7 kutoka usawa wa bahari. Hata matuta ya mchanga yaliyokuwa ufukweni, kinga pekee ya asili, yalikuwa yamekatwa ili kujazia sehemu za mabondeni mjini.

Hapo ndipo anapoingia Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya Galveston, mtu msomi na mwenye kujiamini. Julai 1891 aliandika katika gazeti la mji kwamba hofu ya kimbunga kuuangamiza mji huo ni upuuzi mtupu. Hoja yake ilionekana ya kisayansi: bahari ya Ghuba ya Meksiko ina kina kifupi karibu na Texas, hivyo mawimbi yatapoteza nguvu yakiwa mbali, na maji yakipanda yatatapakaa kwenye nyanda za chini za bara badala ya kuumiza mji.

Ukweli ni kinyume kabisa. Upepo wa kimbunga ukisukuma maji kwenye bahari ya kina kirefu, maji hupata pa kuzamia na kurudi chini chini. Kwenye bahari ya kina kifupi hayana pa kwenda ila juu na mbele. Sakafu ile ile ya bahari ambayo Cline aliiona kama ngao ndiyo inayoufanya ukanda huo uwe miongoni mwa sehemu za Marekani zinazofurika vibaya zaidi dhoruba inapokuja.

Mapema Septemba 1900 dhoruba ilipita Cuba. Watabiri wa Havana, waliorithi kazi ya padri Mjesuiti Benito Viñes, mmoja wa mabingwa wa kwanza wa elimu ya vimbunga duniani, waliona kwamba inaelekea Ghuba. Idara ya hali ya hewa mjini Washington ilishikilia kwamba itapinda kuelekea Florida kisha itokee Atlantiki. Marekani ilikuwa ikiitawala Cuba wakati huo baada ya vita vya 1898, na wakuu wa idara waliwadharau Wacuba kiasi cha kuhakikisha telegramu zao za hali ya hewa zinazuiwa. Kiburi hicho kilikuwa na gharama.

Jumamosi tarehe 8 Septemba watoto wa Galveston waliamka na kuanza kucheza kwenye maji yaliyoingia mitaani. Kufikia alasiri madaraja yote ya kwenda bara yalikuwa yamekatika. Chombo cha kupimia upepo kwenye paa la ofisi ya Cline kilisoma kilomita 160 kwa saa, kisha kikang'olewa. Jioni, kwa mujibu wa taarifa ya Cline mwenyewe, maji yalipanda zaidi ya mita moja ndani ya sekunde nne. Yalipofikia kilele yalikuwa mita 4.5 hivi, katika mji ambao mlima wake ulikuwa wa mita 2.7.

Lakini maji peke yake hayaelezi mauaji ya usiku ule. Nyumba za mbao zilizo karibu na ufuo zilibomoka kwanza, na mabaki yake yakasukumwa na mawimbi kuzigonga zilizofuata, nazo zikawa silaha ya kubomolea safu ya tatu. Nyumba imara ya Cline, walimokimbilia watu wapatao 50, iliangushwa na kipande cha njia ya reli kilichokuwa kikielea. Wengi wao walikufa, akiwemo mkewe Cora, aliyekuwa mjamzito. Baadaye Cline aliandika kwamba asubuhi ile alizunguka ufukweni kwa mkokoteni wa farasi akiwaonya maelfu ya watu. Wanahistoria wengine hawakiamini kisa hicho.

Katika kituo cha yatima cha Mtakatifu Maria, kilichokuwa kando kabisa ya bahari, watawa 10 walijifunga kwa kamba za kuanikia nguo pamoja na watoto wapatao 90. Walionusurika ni wavulana watatu.

Idadi ya waliokufa haikujulikana kamwe. Makadirio huanzia 6,000 na kufika 12,000, na inayotajwa zaidi ni 8,000. Hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Maiti zilipozidi, wanaume, wengi wao Weusi, walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kuzipakia kwenye tishari na kwenda kuzitosa baharini. Mawimbi yakazirudisha ufukweni. Ndipo zikaanza kuchomwa pale zilipookotwa, na mioto hiyo iliendelea kwa wiki nyingi.

Indianola walihama. Galveston waliita wahandisi watatu, mmoja wao Henry Martyn Robert, ofisa mstaafu wa jeshi ambaye pia ndiye aliyetunga kitabu cha kanuni za kuendesha mikutano kinachotumiwa na vyama na bodi za Marekani hadi leo. Ushauri wao ulikuwa na sehemu mbili: jengeni ukuta wa zege wa mita 5.2 kwenda juu, kisha nyanyueni mji wenyewe.

Sehemu ya kwanza ya ukuta, kama kilomita tano, ilikamilika mwaka 1904. Kazi ya pili ndiyo ya ajabu. Majengo zaidi ya 2,000 yaliinuliwa kwa jeki za skrubu zilizozungushwa kwa mkono, zote kwa mpigo mmoja. Kanisa la Mtakatifu Patrick, lenye uzito wa tani 3,000 hivi, lilipandishwa kwa jeki 700. Mfereji ulichimbwa katikati ya makazi, meli za kuchimba mchanga zikapita ndani yake, na tope la mchanga likapigwa kwa pampu chini ya nyumba zilizoning'inia. Kwa miaka kadhaa wenyeji walitembea juu ya vichanja vya mbao kutoka mlango hadi mlango, huku bustani na miti yao ikizikwa. Gharama ya kuinua nyumba ililipwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Agosti 1915 kikaja kimbunga kingine kikubwa. Mjini walikufa watu wachache tu. Ukuta ulikuwa umefaulu, ingawa bahari ilianza kuula mchanga mbele yake.

Matajiri, hata hivyo, walikuwa wameshahesabu upya. Mafuta yalipatikana Spindletop, jimboni humo, mwaka 1901, na mwaka 1914 ukafunguliwa mfereji wa meli hadi Houston, ndani zaidi bara. Viwanda vya mafuta na kemikali vikapangana kandokando yake, ambako ghuba ya ndani, iliyo kati ya kisiwa na bara, hujaa maji kila upepo unapoyasukuma.

Septemba 2008 kimbunga Ike kilionyesha ukuta hauoni nyuma. Bahari iliingia kwenye ghuba ya ndani, kisha maji yakaufurikia mji kutoka upande usio na kinga. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kwenye rasi ya Bolivar isiyo na ukuta, kijiji cha Gilchrist kilifutwa karibu chote. Picha ya nyumba moja iliyobaki imesimama ilizunguka dunia. Hasara ya Ike ilikaribia dola bilioni 30.

Kwa nini watu walikuwa wakijenga hapo? Jibu moja ni bima. Tangu 1968 serikali kuu ya Marekani huuza bima ya mafuriko, na Texas iliunda mfuko wa bima ya upepo mwaka 1971 kwa sababu kampuni binafsi zilikuwa zinakwepa pwani. Nia ilikuwa njema, lakini anayejenga ufukweni hubebeshwa sehemu tu ya hatari yake. Mwaka 2017 Bunge la Marekani lililazimika kufuta deni la dola bilioni 16 la mpango huo wa mafuriko.

Sasa unapangwa mradi wa malango makubwa ya kufunga mlango wa ghuba, wenye gharama inayokadiriwa kuzidi dola bilioni 30. Bunge liliuidhinisha Desemba 2022, bila kutoa fedha za kuujenga. Huko magharibi mwa kisiwa, ukuta wa 1904 haujawahi kufika, na nyumba za mapumziko zimesimama juu ya nguzo zikitazama Ghuba.