Mwiba Uliobaki



Wako Wakristo wengi ambao wameomba muda mrefu ili waondolewe jambo moja, nalo halijaondoka. Mmoja ana maradhi, mwingine ana hasira, mwingine alishaacha pombe lakini kiu yake inamrudia kila mwisho wa mwezi. Watu hawa hujiuliza: Je, Mungu ametuacha? Leo na tutazame yaliyotokea huku kwetu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Mwaka wa 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, Rosine alikufa kwa homa siku chache tu baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akafa pia. Walizikwa huku bara, na kaburi lao lingaliko upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Hakuondolewa udhaifu huo. Ulimrudia mara kwa mara, hata mwaka wa 1853 ikambidi arudi Ulaya. Lakini mtu huyo dhaifu ndiye aliyeanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na kamusi yake ilichapwa mwaka wa 1882, baada ya yeye kufa.

Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka wa 1846, nao wakaanzisha kazi kule Rabai. Rebmann alikaa karibu miaka 29. Alifiwa na mkewe, Emma. Macho yake yakafifia hata akawa karibu kipofu, na waumini aliowapata walikuwa wachache mno. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete. Kwa macho ya wanadamu, hiyo haikuwa kazi ya kujivunia: mwalimu kipofu na mwanafunzi kiwete! Mwaka wa 1875 Rebmann alirudi kwao Ujerumani akifuatana na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai aliyemtumikia katika upofu wake. Alikufa mwaka uliofuata, wala hakupata kuona tena.

Lakini mwaka ule ule wa 1875, hapa Kisauni, mji wa Frere Town ulianzishwa kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa. Kengele yao ingaliko, na mahali pale watu hupaita Kengeleni hata leo. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1885, Askofu Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Mbegu iliyopandwa kwa machozi ilikuwa imeota.

Mtume Paulo naye alikuwa na mwiba. Alimsihi Bwana mara tatu auondoe. Bwana hakuuondoa, bali alimwambia kwamba neema yake inamtosha, na kwamba uweza wake hutimilika katika udhaifu.

Basi tusielewe vibaya. Neema si ruhusa ya kuizoea dhambi. Anayepigana na pombe na apigane, tena amwambie ndugu mmoja amwaminiye amsaidie. Mgonjwa na aende hospitali na kumeza dawa zake. Lakini tusingoje mwiba utoke ndipo tuanze kumtumikia Mungu. Kama Krapf angalingoja homa imwishe, asingaliandika neno hata moja.

Ndugu yangu wa Changamwe utokaye kazini umechoka, dada yangu wa Likoni ungojaye feri ukiwa na mzigo moyoni, neema ya leo ni ya leo. Iombe tena kesho asubuhi, nawe utaipata.

Na tuombe. Ee Bwana, tuondolee mwiba huu ukipenda. Na usipouondoa, tushike mkono tusianguke. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.