Tasa

Darasani tunafundishwa kuwa namba tasa, kama 7 au 13, haina kigawo ila 1 na yenyewe. Neno hili husikika pia zizini: ng'ombe tasa hazai. Nalipenda, ingawa linasema nusu tu ya habari, maana ni namba tasa hizohizo zinazozidishwa zikatupa nyingine zote kuanzia 2.

Kuujua utasa wa namba kubwa ni kazi nzito. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliandika kwamba 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1, ni tasa. Namba hiyo ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, lakini bila kuonyesha kigawo chake hata kimoja! Hilo ndilo linalonishangaza zaidi: kujua kwa hakika kwamba namba inagawanyika, usijue kwa ngapi. Vigawo vilikuja kuonyeshwa mwaka 1903 na Frank Nelson Cole wa Marekani: 193,707,721 na 761,838,257,287. Vyote viwili ni tasa.